Trekta Lililosimama Saa Tatu na Dakika Kumi

Jumanne asubuhi Fundi alikuwa amelala chali juu ya gunia, chini ya trekta, mkono mmoja ameshika kioo kidogo cha kujitazamia na mwingine tambara lililochovywa mafuta ya taa. Alikuwa anatafuta namba. Kila trekta la kale lina namba mbili. Ya kwanza iko kwenye kibao cha bati kilichopigwa ribiti ubavuni, na mtu yeyote mwenye tindo anaweza kuking'oa akabandika kingine. Ya pili imegongwa kwenye chuma chenyewe, chini ya gia boksi, mahali asipofika mtu ila mwenye sababu. Fundi hakuwa na haja na ile ya kwanza.

"Kibao kina mdomo," alizoea kuwaambia wanunuzi. "Chuma hakina."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye sauti ya chini na viganja vya mpakuzi wa magunia. Ufundi hakuusomea popote. Aliuokota kwenye katalogi za vipuri zilizotupwa, kwenye maneno ya mafundi wazee wasiojua kwamba wanafundisha, na kwenye mazoea yake ya kuweka karatasi juu ya kila namba aliyoikuta na kuisugua kwa penseli mpaka itokeze. Karatasi hizo alizibandika kwenye madaftari ya shule. Sasa alikuwa na madaftari thelathini na mawili, na wakusanyaji wa matrekta hawakununua hata bolti kabla Fundi hajalala chini yake.

Mkusanyaji wa siku hiyo aliitwa Bwana Chuma. Alikuwa na matrekta kumi na tisa katika jumba lenye sakafu ya vigae, kila moja limeoshwa, limepakwa rangi na kuzungushiwa kamba laini kama bibi harusi asiyetakiwa kuguswa. Hili la ishirini lilikuwa limeletwa jana yake kutoka yadi ya vyuma chakavu. Lilikuwa la aina ile yenye magurudumu mawili ya mbele yaliyokaribiana, kama magoti ya mtu aliyebanwa na haja. Kiwanda kiliyatengeneza matrekta hayo kwa miaka miwili tu, kikaacha. Yaliyobaki yalihesabika kwa vidole.

Fundi alikwisha kusoma saba, sifuri, tatu, moja. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimezibwa na kutu.

Ilipofika saa tatu na dakika kumi, trekta likasimama.

Injini haikuwashwa. Ndani ya tangi la mafuta panya alikuwa amejenga. Magurudumu ya mbele yaliachana na vigae, yakapanda polepole, yakapita urefu wa mtu, mpaka boneti ikatazama juu na radieta ikaegemea dari. Ubao mmoja wa dari ulipasuka. Kwa kuwa tumbo la trekta sasa lilikuwa limeelekea mlangoni na mwanga uliingia vizuri, Fundi alikaa kitako, akafuta kutu, akasoma zilizobaki. Nane. Sita.

Bwana Chuma alishusha kikombe chake cha chai. "Jana lilifanya hivi hivi juu ya lori," alisema. "Likakata waya wa umeme. Mtaa mzima umenisema."

"Dari itabidi ipandishwe," alisema Mlinzi wa jumba, aliyekuwa amesimama na ufagio. Alilizunguka trekta, akachungulia kiti. Kilikuwa kiti cha chuma cha zamani, kilichokaa juu ya springi nene. Springi ilikuwa imebonyea. "Kuna mtu ameketi."

"Mzito?" aliuliza Bwana Chuma.

"Wa kawaida."

"Basi kiti hakitavunjika. Fundi, ndilo lenyewe?"

"Ngoja," alisema Fundi.

Baada ya dakika saba trekta lilishuka, taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti kulala. Springi ya kiti ikapanda. Fundi akarudi kulala juu ya gunia na kuisoma namba upya kwa kidole, kisha kwa kioo, kisha kwa karatasi na penseli. Hakuwa mtu wa kuamini jicho lake mara moja. Mara zote tatu ilikuwa ile ile: 703186.

"Ndilo," alisema.

Namba ile ndiyo aliyojifunzia kuhesabu. Baba yake alikuwa dereva wa trekta katika shamba kubwa, na kwa kuwa hapakuwa na kitabu nyumbani, alimwandikia bintiye kwa mkaa ukutani tarakimu alizokuwa nazo kichwani. Saba, sifuri, tatu, moja, nane, sita. Ndiyo maana Fundi, mpaka alipoanza shule, aliamini kwamba baada ya tatu huja moja, na mwalimu akamchapa kwa hilo.

Baba alikufa Fundi akiwa na miaka tisa. Walikuwa wanang'oa visiki. Trekta linapokokota kisiki, mnyororo hufungwa chini, kwenye chuma cha kukokotea kilicho nyuma, chini ya ekseli, mhimili wa magurudumu. Ukifungwa juu, kwenye ekseli, kisiki kikigoma trekta hujiinua mbele na kumwangukia dereva wake. Kila dereva anajua, kama kila mpishi anavyojua moto. Siku ile mnyororo ulifungwa kwenye ekseli. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, na ilichukua dakika saba kulinyanyua trekta, na dakika zote saba hazikuwa na faida.

Wiki iliyofuata mama yake alipewa karatasi yenye mhuri. Iliandikwa: *Marehemu alikuwa amelewa, akafunga mnyororo mahali pasipostahili.* Kwa kuwa marehemu alikuwa amelewa, familia haikuwa na stahili yoyote. Kwa kuwa haikuwa na stahili, nyumba ya shamba ilitakiwa iwe wazi ifikapo Ijumaa. Watoto walikuwa wanne. Shuleni waliitwa watoto wa mlevi, na jina lilikaa kama upupu.

Baba hakuwa mnywaji. Hata dawa ya kikohozi aliinywa amekunja uso.

*

Mama yake alikuwa mlangoni anachambua mchele. Alikuwa na miaka sabini na saba, macho yamefifia, vidole bado vinaona. Fundi alikaa kwenye kigoda, akavua viatu.

"Mama, nimeliona."

"Umeliona nini?"

"Lile la baba."

Vidole viliendelea kuchambua. "Umelikagua? Siku hizi kila chakavu kina kibao cha mwenzake."

"Mara tatu. Kwenye chuma."

"Linafanya nini?"

"Linasimama."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi."

"Linakaa muda gani huko juu?"

"Dakika saba."

Mama yake alitupa punje nyeusi uani. "Basi ni lenyewe. Ungenitajia saa kwanza, kuliko kunihesabia mara tatu." Akatikisa ungo, akauliza, "Lina kile chuma?"

"Kipi?"

"Cha nyuma. Baba yako alilalamika tangu mwaka unaanza, mpaka nikamwambia, mume wangu, na mimi nina yangu ya kulalamikia. Kiling'olewa kikapelekwa kwenye trekta lililokuwa linavuta tela la meneja. Akamwambia mnyapara, nipe chuma changu. Mnyapara akasema, funga juu, wewe mwanamke? Siku nne akakataa. Siku ya tano wakamwambia wapo wengi getini wanaotaka kazi."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakasema wake wote husema." Alisukuma ungo pembeni. "Sikiliza, mwanangu. Nyumba walichukua, sitaki nyumba, mimi na nyumba tumebakiza muda mfupi. Nataka lile neno litoke kwenye ile karatasi. Nikifika huko, akiniuliza 'bado wananiita mlevi?' nimjibu nini?"

Huo ndio ulikuwa mzigo, na Fundi aliubeba kama alivyobeba kila kitu: kwa kuanza na kilicho karibu.

*

Jumatano alilala tena chini ya trekta, safari hii nyuma. Chuma cha kukokotea hakikuwapo. Palikuwa na matundu manne ya bolti, matupu. Hilo peke yake si neno. Trekta lililokaa yadi miaka arobaini na tatu hupoteza hata kisichong'oka. Lakini Fundi aliingiza tochi ndogo kwenye tundu la kwanza, kisha la pili, la tatu, la nne. Ndani ya yote manne kulikuwa na rangi ya kijani.

Alikaa kitako akafikiri. Kijani haikuwa rangi ya kiwanda. Kiwanda kilitoa matrekta haya yakiwa mekundu. Kijani ilikuwa rangi ya shamba, na shamba lilipaka matrekta yake mara moja tu, mwezi wa pili wa mwaka ule, kwa sababu ya mgeni aliyetarajiwa. Alikumbuka vidole vya baba vilivyorudi vya kijani wiki nzima. Rangi haiingii kwenye tundu lenye bolti. Kwa hiyo mwezi wa pili bolti hazikuwapo, na chuma hakikuwapo. Baba alikufa mwezi wa tano. Mtu hawezi kufunga mnyororo kwenye kitu kilichokwisha kung'olewa, hata awe hajaonja tone.

Aliandika hayo kwenye daftari la thelathini na tatu. Kisha alikwenda kwa mfua vyuma, akachora kile chuma kwa vipimo vya katalogi, akasimama pale mpaka kikafuliwa. Kilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka miwili. Akakibeba begani mpaka jumbani, akakifunga kwa bolti nne.

Alhamisi, saa tatu na dakika kumi, trekta lilitikisika. Magurudumu ya mbele yalinyanyuka kiasi cha kidole kimoja, yakasita, yakarudi kwenye vigae. Springi ya kiti ilibonyea ikabaki hivyo dakika saba, kama mtu aliyekaa kupumzika. Ndivyo tu.

Ijumaa Fundi alikifungua chuma. Trekta likasimama mpaka darini.

Jumamosi alikifunga. Halikusimama.

Aliendelea hivyo siku kumi na mbili, siku moja kufunga, siku moja kufungua, na kila siku Mlinzi aliweka sahihi chini ya mstari wa siku hiyo daftarini. Siku ya kumi na mbili hasira ilimpanda Fundi katikati ya kukaza nati ya nne. Haikuwa na sauti. Alikaza mpaka bolti ikakatika, akakitazama kichwa cha bolti kikiviringika kwenye vigae, akachukua nyingine.

"Pole pole, dada," alisema Mlinzi. "Hilo limekwisha kuua."

"Halikuua," alisema Fundi. "Andika sahihi."

*

Karani wa ofisi ya ajali za kazini alikuwa mtu mpole, mwenye peni tatu mfukoni na feni moja mezani iliyopuliza upande wake. Alimsikiliza Fundi mpaka mwisho. Akaleta faili, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akasoma neno lile kwa sauti, akaomba radhi kwa kulisoma. Kisha, jambo ambalo makarani wengi wasingelifanya, akafunga droo, akaja jumbani kuona kwa macho yake.

Aliona siku mbili. Siku ya kwanza trekta lilisimama, siku ya pili halikusimama. Alipiga magoti kwa suruali yake safi, akamulika matundu yote manne.

"Kijani," alisema.

"Kijani," alisema Fundi.

"Na hapa kitini kuna mtu."

"Ndiye."

Karani alimsalimu mtu wa kitini kwa kuinamisha kichwa, kama inavyostahili kwa aliyemzidi cheo cha kufa. Wakarudi ofisini. Alitoa fomu, akaanza kujaza, kwa mwandiko mzuri. *Trekta lilisimama. Trekta halikusimama.* Alipofika kwenye sehemu ya sababu, akaweka peni chini.

"Dada yangu, hapa kuna visanduku vitatu. Mfanyakazi, mwajiri, Mungu. Cha mfanyakazi kimekwisha kutiwa alama."

"Kifute. Tia cha mwajiri."

"Ili nitie cha mwajiri, sharti mwajiri akubali. Nilipiga simu shambani jana. Wanasema hawana habari na hawana kumbukumbu, na kwamba kama wangekuwa na kumbukumbu zingesema alikuwa amelewa."

"Na trekta?"

"Trekta si shahidi. Shahidi lazima awe na kitambulisho."

"Lina namba. Imegongwa kwenye chuma. Mimi na wewe hatuna namba ya kugongwa kwenye chuma."

Karani alicheka kidogo, kwa huzuni. "Hapo umenishika. Lakini haina picha. Tena kuna siku tisini za kukata rufaa, tangu siku ya ajali."

"Siku tisini mama alikuwa anatafuta pa kulaza watoto wanne."

"Najua. Imo humu. Iliandikwa: familia ilihama kwa hiari." Alifunga faili taratibu, kama anayefunika chungu ili kisipoe. "Ingekuwa trekta ndilo lililolewa, dada, hilo lina fomu yake. Chombo kibovu. Lakini hili lako si bovu. Linafanya kila siku kile kile, kwa saa yake. Zima kuliko ofisi hii."

Fundi alisimama. Alitaka kuitupa ile feni dirishani. Badala yake alisema asante, kwa sababu mama yake alimlea hivyo, na alipofika nje akajichukia kwa asante ile mpaka nyumbani.

*

Jumba lilikuwa lizinduliwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Bwana Chuma alikuwa amepandisha dari, akaacha uwazi wenye kioo juu ya trekta la ishirini, ili radieta ipate pa kuegemea na wageni wapate mwanga wa kupiga picha. Fundi alipoingia Jumatatu kuleta cheti cha utambuzi, alikuta trekta ni jekundu.

Lilikuwa limepigwa mchanga kwa mashine mpaka chuma kikawa cheupe, kisha likapakwa rangi ya kiwanda, tabaka tatu. Alipiga magoti. Matundu manne yalikuwa safi kama pete mpya.

"Nani amefanya hivi?"

"Mafundi rangi," alisema Bwana Chuma. "Si ndiyo desturi? Trekta hurudishwa lilivyozaliwa. Ile kijani ilikuwa uchafu wa shamba. Na rangi yenyewe, huwezi kuamini, wametuchangia wao wenyewe, watu wa shamba. Walipiga simu wenyewe."

"Lini?"

"Siku moja baada ya karani wako kuwapigia. Watu waungwana sana."

Fundi aliweka kiganja juu ya gurudumu la nyuma, akakiacha hapo. Chuma cha kukokotea alikiona ukutani, kimeegemezwa karibu na ufagio.

"Na kile mmekifungua."

"Fundi, fikiria mwenyewe. Kile si cha asili. Kimefuliwa juzi, na wewe ndiye uliyenifundisha kutofautisha. Halafu kikiwapo, halisimami. Nimeandika kwenye matangazo kwamba linasimama."

"Linasimama kwa sababu ya kukosa kile."

"Ndiyo hayo nasema."

"Bosi, yule mtu aliye juu yake ni baba yangu."

Bwana Chuma alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa matrekta. "Nakuelewa sana," alisema. "Na nakwambia, mikononi mwangu hatapata mvua tena. Miaka yote ile alikuwa yadi, peke yake, analoana. Hapa ana kioo, ana kamba, ana mlinzi. Wewe ndiye jicho la fani hii, Fundi. Bila wewe sote tungekuwa tunanunua vibao."

Fundi alikijua kilemba cha ukoka hata kabla hakijafika kichwani. Akaweka cheti mezani. Alikuwa amekiandika kwa mkono, kama alivyoandika vyote: namba, mwaka, aina, idadi iliyobaki. Chini kabisa, kwenye nafasi ya kasoro, aliandika hivi: *Chuma cha kukokotea kiling'olewa kabla ya mwezi wa pili. Dereva aliamriwa kufunga mnyororo kwenye ekseli. Dereva hakuwa amelewa. Trekta husimama ili lisemwe hilo.*

Bwana Chuma alikisoma chote. Akasema ni cheti bora kuliko vyote alivyowahi kupata. Jioni yake kilitiwa kwenye fremu yenye kioo, kikatundikwa. Fremu ilikuwa fupi. Sehemu ya kasoro ilikunjwa kwa nyuma.

*

"Hasira za mkizi," alisema mama yake Fundi, alipoelezwa, "furaha ya mvuvi. Nitakwenda kumwona."

"Mama, kutakuwa na watu."

"Na mimi si mtu?"

Alivaa nguo yake ya kwendea msibani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imepigwa pasi. Mlinzi alimtafutia kiti cha plastiki mbele kabisa, karibu na kamba. Wageni walijaa. Meneja mpya wa shamba, kijana mtanashati mwenye tai nyekundu ya kufanana na rangi aliyoichangia, alisimama kwenye kipaza sauti akasema kwamba trekta hili ni ushuhuda wa nidhamu ya wazee wetu. Watu wakapiga makofi. Akasema shamba lake halijawahi kusahau watu wake. Wakapiga tena. Akatazama saa, akanyamaza kwa adabu.

Saa tatu na dakika kumi trekta lilisimama. Magurudumu ya mbele yalipanda ndani ya uwazi wa dari, radieta ikagusa kioo, mwanga wa jua ukateremka juu ya rangi mpya. Simu ziliinuliwa. Mtu mmoja alimweka mtoto mabegani.

Mama yake hakutazama magurudumu. Alitazama kiti.

"Amekonda," alimwambia Fundi.

"Ni springi, mama. Wameitia grisi."

"Amekonda, nakwambia. Nilimlisha miaka kumi na mmoja, nitashindwa kujua?" Alishika mkongojo wake, akasimama. Aliponyooka alikuwa mfupi kuliko gurudumu la nyuma. Hakuinua sauti. Alisema kama mtu anayemwita mwenziwe kutoka uani chakula kikiwa tayari: "Teremka, Baba Watoto. Wamekwisha kuona."

Ilikuwa dakika ya tatu. Trekta liliteremka. Lilishuka kwa uangalifu kuliko siku zote, magurudumu yakagusa vigae bila mlio, na springi ya kiti ikapanda polepole, kama mtu anayeondoka asitake kuamsha waliolala.

Mama yake alimgeukia meneja. "Mwanangu," alimwambia, "umewahi kumwona mlevi akiambiwa teremka mara moja, akateremka?"

Meneja alitabasamu. Hakulielewa swali, au alilielewa. Akaanza kupiga makofi, na wote wakapiga, muda mrefu, wengine wamesimama. Mama yake alingoja wamalize. Hawakumaliza. Akakaa.

"Waambie waache," alimwambia Fundi.

Fundi aliruka kamba, akaenda kwenye kipaza sauti, akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba mtu huyu hakuwa amelewa, kwamba chuma chake kiliibwa na kampuni ya shamba ikakitumia kuvuta tela la meneja, kwamba waliomwamuru walizeekea vitandani mwao. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa baada ya hotuba ili kutunza betri. Walio mbele walimsikia. Walitikisa vichwa kwa heshima, na mmoja wao akamwomba asogee kidogo, anaziba picha.

Wageni walipopungua, Bwana Chuma alimwinamia mama yake Fundi, akaweka mikono magotini. "Bibi, umetufaa sana leo. Tungeomba uwe unakuja kila Jumamosi. Tutakuletea usafiri. Dakika saba ni nyingi kwa wageni wenye haraka."

"Muulize mwenyewe," alisema mama yake, akionyesha kiti kwa mkongojo.

Bwana Chuma aligeuka, akauliza. Kiti hakikubonyea wala hakikupanda. Akaandika kwenye kijitabu chake kwamba suala hilo liko katika mazungumzo.

*

Jumatatu Fundi alikichukua kile chuma cha kukokotea, kwa kuwa hakikuwa cha asili na hakuna aliyekitaka, akakibeba begani mpaka ofisi ya ajali za kazini. Akakiweka juu ya meza ya Karani. Meza ikalia.

"Kielelezo," alisema. "Kitie kwenye faili."

"Dada yangu, hakiingii kwenye faili."

"Basi kaa nacho mpaka mpate faili la kukitosha."

Karani alikipokea. Alimwandikia stakabadhi, kwa ule mwandiko mzuri: *Chuma kimoja, kizito, hakina maelezo.* Alitafuta kabati, hakuna lililoweza kukibeba. Mwishoni akakiweka sakafuni.

Mama yake bado yu hai. Anasema hawezi kuondoka kwanza, hajapata la kujibu. Hurudi jumbani Jumamosi anapojisikia, hukaa kwenye kiti cha plastiki, na hawamtozi kiingilio. Siku akienda, trekta hukaa huko juu dakika tatu tu. Siku asipokwenda hukaa saba.

Fundi hupita ofisini kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Karani humsalimu, huulizia hali ya mama, humfungulia faili bila kuombwa. Fundi husoma lile neno kwa kidole, herufi moja moja, kisha huisogeza karatasi kwenye mwanga akalisoma tena, kisha mara ya tatu, asije akawa amekosea. Hajakosea. *Alikuwa amelewa.* Wino ule ni mzuri, haujafifia.

Ofisi ile zamani ilikuwa na tabu ya mlango. Upepo ukivuma ulikuwa ukijibamiza, na watu walioleta malalamiko walidhani wanafukuzwa. Siku hizi haujibamizi. Umezuiwa na chuma kizito, kilicholala sakafuni mahali pake, na wote wanaopita wanakisifu kwa kukaa imara. Ikifika saa tatu na dakika kumi chuma hutikisika kidogo, na mlango husogea kiasi cha kidole kimoja. Karani hukirudisha kwa mguu, bila kuacha kuandika.